Dawa Imo Kabatini, Mwenye Kuketi Nasi Hayupo

Jirani yangu mmoja hapa Mtanda, mjini Lindi, mvuvi wa siku nyingi ambaye baruti iliyoripuka mkononi kabla ya wakati wake ilimchukulia vidole vitatu, alipata kunihadithia kwamba lililomsumbua baadaye halikuwa jeraha, ambalo Mwenyezi Mungu alilifunga kwa muda wake, bali ni ile saa ya kuzinduka kutoka katika nusu kaputi, alipojiona yu juu ya maji yasiyo na pwani, akilia na kumwita marehemu mama yake, ilhali muuguzi, ambaye alikuwa na wagonjwa wengine wa kuhudumia, alimwambia kwa upole, "Tulia mzee, ni dawa tu hiyo," kisha akaenda zake. Huu mwaka wa tano, na mlango ukipigwa na upepo wa kusi usiku, mzee huruka kitandani.

Dawa yenyewe ni ketamini. Iliundwa mwaka 1962 huko Marekani na mwanakemia Calvin Stevens kwa ajili ya kampuni ya Parke-Davis, ikaidhinishwa mwaka 1970, ikawatumikia majeruhi wa vita vya Vietnam, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Fadhila yake kwa nchi kama zetu ni dhahiri: aghalabu mgonjwa huendelea kuvuta pumzi mwenyewe, presha yake haianguki, na sindano yaweza kupigwa hata kwenye msuli, pasipo mashine na hata umeme ukiwa umekatika. Ndiyo maana mwaka 2015, China ilipotaka dawa hiyo iwekewe vizuizi vya kimataifa kwa sababu ya vijana waliokuwa wakiitumia kulewa, madaktari wengi wa nchi maskini walipinga, na hoja ile ikaahirishwa. Walikuwa na haki. Kwani mama mwenye uzazi mgumu wilayani hana hiari ya kuchagua dawa kama mgonjwa wa jiji kuu.

Sasa dawa hiyohiyo, kwa kipimo kidogo kuliko cha upasuaji, inasifiwa ng'ambo kuwa ni tiba ya kiwewe, yaani ile hofu inayobaki nafsini baada ya vita, ajali au kunajisiwa. Mgonjwa hupewa dawa mbele ya mtaalamu wa saikolojia, kisha huzungumza naye kabla na baada. Sikatai jambo hili, lakini napenda tulitazame kwa jicho kavu. Mwaka 2014 madaktari wa Mount Sinai, New York, walitangaza kwamba katika watu 41 wenye kiwewe, dozi moja ilipunguza dalili ndani ya siku moja kuliko dawa nyingine ya kutuliza waliyoilinganisha nayo. Lakini mwaka 2022 majaribio makubwa zaidi, ya wanajeshi na maveterani 158 wa Marekani, yalionyesha kuwa dozi zilizorudiwa ziliwapunguzia sonona, na juu ya kiwewe chenyewe hazikushinda maji matupu ya chumvi. Na katika majaribio yote mawili iliyopimwa ilikuwa dawa. Mazungumzo hayakutiwa mizanini.

Mizani ya mazungumzo iko huku kwetu. Mashariki ya Kongo wanawake 405 walionajisiwa vitani walihusishwa katika utafiti uliotangazwa 2013, na wale waliokutana kwa makundi kuyachambua mawazo yao, wakiongozwa na wasaidizi wa kienyeji waliofunzwa na kusimamiwa, walipona zaidi ya wenzao waliopata msaada wa kawaida. Moshi na Bungoma, watoto yatima 640 walishughulikiwa na washauri wasio madaktari, na matokeo yaliyotolewa 2020 yalionyesha nafuu kubwa zaidi ya huduma ya kawaida katika sehemu tatu kati ya nne. Hapakuwa na sindano.

Wazee wa pwani hii nao, ijapokuwa mimi si mwenye kuamini kila lisemwalo katika uganga, walilijua sharti moja: mwenye kupungwa pepo hatiwi kileleni mwa ngoma kisha akaachwa peke yake. Fundi humwandaa kwa siku kadhaa, humwuliza pepo jina lake na alichokuja kukitaka, na jamaa humzunguka mpaka arejee. Nisidhaniwe kwamba nalinganisha chetezo na bomba la sindano. Nasema tu kwamba mpangilio ule, wa kuandaa, kuketi na kurejesha, ndio hasa wanaouza wataalamu wa ng'ambo leo kwa bei isiyosemeka.

Na hapa ndipo hofu yangu ilipo, kwa kuwa cha kununua kitafika mbele ya cha kufunza. Tufani Hidaya, ambayo jina lake ni tunu na tulichotunukiwa ni mafuriko, ilipotupiga Mei 2024 na kuikata barabara ya Dar es Salaam pale Kilwa, makandarasi walifika na mawe yakamwagwa, jambo la kushukuriwa. Bali waliolala na maji magodoroni, na hadi leo wanaamka mvua ikianza, sikusikia aliyewauliza usingizi wao u hali gani. Hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma tangu 1927, na Dodoma si karibu. Ikiwa kesho utafunguliwa mjini mlango wenye kibao cha tiba mpya ya ketamini, pasipo mtu aliyefunzwa kuketi, tutapata dawa ipandishayo presha, iwezayo kuharibu kibofu kwa mwenye kuizoea, na upweke uleule wa jirani yangu, safari hii kwa malipo.

Basi na tuanze na kisichohitaji idhini ya mtu: mgonjwa aambiwe mapema atakachoweza kukiona, na akizinduka amkute ndugu yake kando ya kitanda badala ya ndugu huyo kuachwa nje ya mlango. Kisha tuwafunze washauri wa kata, kama walivyofunzwa wa Moshi. Ketamini ya kiwewe, ikithibiti, na ije baada yao, mikononi mwa hospitali kubwa yenye daktari wa kusimamia.

Juzi baada ya magharibi nilimwomba mzee anieleze tena habari ya yale maji, nikanyamaza. Alianza tangu asubuhi ya baruti, akataja jina la mtumbwi na rangi ya tanga, na isha ikaadhiniwa hajafika hospitali. Akainuka, akajipangusa shuka, akaniuliza kama kesho nitakuwapo.