Pepo Zikutanapo Ziwani

Sisi wa mwambao tumelelewa na pepo mbili. Kaskazi hutujia kavu kutoka upande wa Arabuni. Kusi hupita juu ya bahari kuu na kutufikia ikiwa imebeba unyevu. Hewa ikikaa mahali muda mrefu huchukua tabia ya mahali hapo, iwe joto au baridi, ukavu au unyevu. Wataalamu huiita tungamo la hewa. Matungamo mawili yakikutana hayachanganyiki upesi: lililo baridi, kwa kuwa ni zito, hujipenyeza chini na kuliinua lenye joto. Hewa ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa mawingu. Mipaka ya namna hiyo ndiyo iletayo sehemu kubwa ya mvua ya Ulaya.

Karibu na ikweta mipaka hiyo mikubwa haitufikii, lakini pepo hukutana kwa njia nyingine. Tutazame Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria, watokako omena tunaowapika majumbani mwetu.

Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani, ukapanda kuelekea milima ya Kisii na Kericho na kukutana na pepo za mashariki. Ndiyo maana alasiri huko hunguruma radi, na mashamba ya chai ya Kericho hupigwa mara kwa mara na mvua ya mawe.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji yakabaki na joto. Hewa ya baridi huteremka kutoka nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Uganda na kukutana juu ya ziwa, ikaiinua hewa ya joto iliyojaa mvuke. Dhoruba huzaliwa humo, usiku wa manane hadi alfajiri.

Na saa hizo ndizo za wavuvi wa omena. Hutoka na taa zao katika usiku wa giza, kutoka Muhuru Bay, Sori na Mbita, huku akina mama wakingoja ufukweni wawanunue omena na kuwaanika juani. Riziki na hatari zimepangiwa saa moja.

Kwa hiyo jioni tulivu si ahadi ya usiku salama. Mvuvi atazamapo mbingu wakati wa magharibi, dhoruba ya usiku huenda haijaumbika bado. Dalili ya mwisho ni upepo wa baridi wa ghafla: hewa iliyoshuka pamoja na mvua hutangulia mbele ya wingu, na mawimbi hufuata nyuma yake. Aisikiapo mtu akiwa mbali na pwani, muda wa kurejea umekwisha kuwa mfupi.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa ziwa, ukieleza upepo, mawimbi na mvua. Mama mwenye mume, mwana au ndugu ziwani asione haya kuuliza kabla mashua haijasukumwa majini: utabiri wa leo unasemaje, na jaketi za kuokoa maisha zinatosha watu wangapi? Maswali hayo yaulizwe hata siku ambayo ziwa limelala kama kioo.