MEZA YA HAMADTOU NA WATOTO WETU WA KASHOZI

Wengi wa wananchi wa Kashozi wamekwisha kumwona katika simu Mmisri Ibrahim Hamadtou, mtu asiye na mikono, akicheza tenisi ya meza kwa kibao alichokiuma kwa meno, na mpira akiurusha juu kwa mguu. Tumewasikia wazee wakimtaja ili kuwaaibisha vijana wavivu: huyu hana mikono, wewe je? Sisi twasema maneno hayo hayamfai Hamadtou, wala hayatufai sisi.

Hamadtou alizaliwa 1973. Alipokuwa na miaka kumi treni ilimkata mikono yote miwili. Lakini kijijini kwao palikuwa na klabu, na ndani ya klabu palikuwa na meza. Siku moja alikuwa akiwahesabia rafiki zake wawili pointi. Wakabishana, na mmoja akamwambia asiingilie, kwani yeye kucheza hataweza kamwe. Ndipo akakitwaa kibao. Alikijaribu kwapani, kikamshinda, akakitia mdomoni. Alipata medali za fedha katika mashindano ya Afrika ya walemavu, 2011 na 2013. Akaenda Paralimpiki ya Rio 2016, na ya Tokyo iliyofanyika 2021. Huko kote, katika michezo ya mtu mmoja mmoja, alishindwa kila mara. Hata hivyo Misri ilimtuma tena, na ilifanya vyema.

Juhudi ilikuwa yake. Meza haikuwa yake. Ilikuwa ya kijiji, na hakuna aliyemfungia mlango.

Je, hapa kwetu? Misheni ya Kashozi ilianzishwa 1892, na habari za shule si ngeni kwetu. Lakini kipindi cha michezo kikifika, mtoto mlemavu huketi chini ya mti akiwalindia wenzake mashati. Wengine hawafiki hata shuleni, wamefichwa nyumbani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 30 chataja waziwazi watoto hawa na michezo ya shuleni. Nchi yetu ilianza kupeleka wachezaji Paralimpiki mwaka 1992, na hadi Paris 2024 ilikuwa haijapata medali. Twashangaa nini?

Tena mchezo wenyewe walemavu ndio waliotangulia: ulikuwamo katika Paralimpiki ya Roma 1960, na Olimpiki iliuingiza 1988 tu.

Twawaomba wazazi na kamati za shule wamwite seremala. Meza ina urefu wa mita 2.74, upana mita 1.525, na kimo sentimita 76. Miguu yake iingizwe ndani sentimita 40 kutoka kila mwisho, ili mwenye kiti cha magurudumu apate kusogea.