Chama cha Watu Milioni Moja Kilivyonyamaza



Mara nyingi tumesikia, mikutanoni na hata barazani jioni, watu wakisema kwamba chama chetu hakiwezi kufa kwa sababu kina watu wengi. Husema, "Tazameni kadi tulizouza! Nani atatugusa?" Maneno hayo hupendeza masikioni, lakini sisi tunaozunguka na daftari la wanachama kutoka tawi hadi tawi hayatupendezi hata kidogo. Wingi ni mali, lakini mali iliyofungiwa kabatini haimshibishi mtu. Leo twataka kueleza habari za chama kimoja kilichokuwa na wanachama karibu milioni moja, na magazeti, na majengo, na mawaziri, nacho kikafa bila kurusha hata jiwe. Twaeleza kwa kuwa siku hizi watu wengi wanakitazama chama cha Democratic cha Marekani na kuuliza kama nacho hakifuati njia ile ile.

Chama tunachokisema ni chama cha wasoshalisti wa Ujerumani, kiitwacho SPD. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 mfalme wa Wajerumani alikimbia, ikaundwa jamhuri, na katiba yake ikaandikwa katika mji wa Weimar mwaka 1919. SPD ndicho kilichokuwa mlezi wa jamhuri hiyo. Mwezi wa Machi 1920 wanajeshi waasi waliuteka mji wa Berlin na serikali ikakimbia. Wafanyakazi wakaitwa wagome. Treni zikasimama, taa zikazimika, makarani wakakataa kazi, na kwa siku chache tu waasi wakashindwa. Hawakushindwa kwa bunduki; walishindwa kwa sababu hawakupata wa kuwatii. Ndugu wasomaji, uwekeni mwaka huo moyoni, maana tutaurudia.

Katika uchaguzi wa 1928 SPD kilipata wabunge 153, na chama cha Hitler kikapata 12 tu. Nani angeogopa watu 12? Lakini mwaka uliofuata shida ya uchumi iliikumba dunia. Machi 1930 serikali ya Bwana Hermann Müller wa SPD ilianguka katika ugomvi juu ya mchango wa bima ya watu wasio na kazi, na Septemba mwaka huo huo wabunge wa Hitler wakawa 107. Kansela mpya, Bwana Heinrich Brüning, alitawala kwa amri za dharura zilizotiwa sahihi na Rais, akapunguza mishahara na misaada. SPD hakikuwamo katika serikali yake, lakini hakikutaka kumwangusha, kwa hofu kwamba akianguka yeye ataingia Hitler. Basi mfanyakazi aliyekatwa mshahara alikiona chama chake kimekaa kimya kando ya mtu aliyemkata. Kufika mwanzo wa 1932 watu wasio na kazi walikuwa kama milioni 6. Aprili mwaka huo chama kiliwaambia watu wake wampigie kura Bwana Hindenburg, jemadari mzee wa jeshi la mfalme, ili Hitler asiwe Rais. Hindenburg akashinda. Na mkono wa Hindenburg huyo huyo ndio uliompa Hitler ukansela tarehe 30 Januari 1933. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Lakini siku tunayotaka kila katibu wa tawi aikumbuke ni tarehe 20 Julai 1932. Siku hiyo Kansela von Papen aliifukuza serikali ya jimbo la Prussia, jimbo kubwa kupita yote, lenye zaidi ya nusu ya watu wa Ujerumani. Serikali hiyo ilikuwa ya Bwana Otto Braun wa SPD, na polisi wa jimbo walikuwa chini ya waziri wake, Bwana Carl Severing. Bwana Severing alisema hatatoka ofisini ila kwa nguvu. Jioni wakaja watu wachache kumtoa, naye akatoka. Wanachama mijini walikuwa wakingoja neno. Vijana wa chama walikuwa wamejipanga, na wengine walikesha wakingoja kuitwa. Neno halikuja. Viongozi waliwaambia wangoje uchaguzi wa tarehe 31 Julai, kisha wakapeleka mashtaka mahakamani.

Tuwatendee haki viongozi wale. Walisema hawataki damu ya wafanyakazi imwagike mbele ya jeshi. Walisema mwaka 1920 watu walikuwa na kazi za kuacha, lakini mwaka 1932 kila anayegoma ana mwenziwe nje ya lango anayetaka nafasi yake. Hayo si maneno ya kipuuzi, na hakuna mtu leo awezaye kuapa kwamba mgomo ungefaulu. Lakini sisi twauliza: ikiwa silaha yako ya mwisho huwezi kuitumia, kwa nini hukutafuta nyingine miaka miwili mapema? Mahakama ilitoa hukumu yake Oktoba, ikawapa Bwana Braun na wenzake haki nusu. Haki ikabaki kwenye karatasi. Polisi na ofisi zikabaki kwa von Papen.

Na hapo hapo nyumba ilikuwa imegawanyika. Wakomunisti waliwaita wasoshalisti ndugu wa mafashisti, na wasoshalisti nao hawakutaka hata kusalimiana na wakomunisti. Novemba 1932 SPD kilipata wabunge 121 na wakomunisti 100. Jumla yao ni 221. Hitler alikuwa na 196, tena alikuwa amepungua kutoka 230 za Julai. Hesabu hii mtoto wa darasa la tatu aweza kuifanya, lakini wakubwa wale hawakuifanya. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Ushujaa ulikuja baadaye. Tarehe 23 Machi 1933 Hitler alitaka Bunge limpe uwezo wa kutunga sheria peke yake. Wabunge wa kikomunisti walikuwa wamekwisha kuzuiwa, na wanamgambo walijaa ndani na nje ya jumba. Bwana Otto Wels wa SPD alisimama akakataa, na wabunge 94 wa chama chake, wote waliokuwapo, wakapiga kura ya hapana mbele ya 444 walioitikia. Twawavulia kofia. Lakini ushujaa wao ulifika siku ambayo haukuweza tena kuokoa kitu. Tarehe 2 Mei ofisi za vyama vya wafanyakazi zilitekwa, na tarehe 22 Juni SPD kikapigwa marufuku.

Sasa tuitazame Marekani. Hatusemi kwamba Marekani ni Ujerumani ya 1933, wala hatuwapimi watu wawili katika mizani moja. Ajifanyaye kuona Hitler katika kila uchaguzi mwisho hasikilizwi na mtu. Marekani haikutoka katika vita iliyoshindwa, haikuwa na watu milioni 6 wenye njaa barabarani, na majimbo yake yana magavana na mahakama zao. Tunacholinganisha sisi ni ugonjwa wa chama.

Chama cha Democratic kilimwacha mzee wake, Bwana Joe Biden, aendelee kugombea mpaka tarehe 21 Julai 2024, ndipo akajiondoa. Bibi Kamala Harris akapewa bendera zikiwa zimebaki siku 107. Kampeni yake ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1. Fedha hizo hazikuzuia kushindwa: Bwana Donald Trump alipata kura 312 za wajumbe wa majimbo, naye Bibi Harris 226. Bwana Biden alikuwa amepata kura milioni 81 za wananchi mwaka 2020. Bibi Harris alipata milioni 75. Hao milioni 6 hawakupotea njiani usiku mmoja. Walikuwa wamekata tamaa zamani, ila hapakuwa na mtu wa kubisha hodi kwao na kuwauliza.

Machi 2025 kiongozi wao katika Seneti, Bwana Chuck Schumer, aliunga mkono bajeti ya wapinzani wake akisema serikali ikifungwa mambo yatakuwa mabaya zaidi. Msomaji, si wimbo wa siku za Brüning huo? Oktoba wakajitia moyo, wakakataa, na serikali ikafungwa siku 43, kisha maseneta 8 wa upande wao wakaachia kamba kabla ya kupata msaada wa bima ya afya waliokuwa wakiudai. Mwenye kuvuta kamba akiiachia ghafula, mwenziwe aliyekuwa nyuma huanguka chali.

Lakini katika chama hicho hicho tumeona pia dawa. Tarehe 4 Novemba 2025 mji wa New York ulimchagua Bwana Zohran Mamdani, kijana aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, kuwa meya. Katika kura za ndani za mwezi wa Juni alikuwa amemshinda Bwana Andrew Cuomo, aliyepata kuwa gavana. Wakubwa wengi wa chama walisitasita kumuunga mkono. Alishinda kwa sababu makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea walipanda ngazi za majumba, wakabisha hodi, wakazungumza na watu juu ya kodi ya nyumba, nauli ya basi na malezi ya watoto. Mtu aweza kupenda siasa yake au kuichukia, lakini kazi ile ni kazi ya chama.

Twaona basi somo moja katika nchi mbili. SPD kilikuwa na wanachama wenye kadi na matawi, kikashindwa kuwaita. Democratic hakina kadi wala ada. Kina wapiga kura na wafadhili, na kila baada ya uchaguzi huanza tena kuwatafuta watu wake. Mmoja alikuwa na jeshi bila amri, mwingine ana fedha za jeshi bila jeshi.

Na sisi je? Hivi karibuni tulifika katika tawi moja ambalo hatutalitaja jina. Katibu alitufungulia daftari kwa furaha, na majina yalijaa ukurasa baada ya ukurasa. Tukauliza waliolipa ada, tukawahesabu kwa vidole. Tukauliza mkutano wa mwisho ulikuwa lini, wajumbe wakatazamana. Sisi tuliosomea ualimu twalijua daftari la namna hiyo: ni la shule ambayo mwalimu huita majina na kujiitikia mwenyewe.

Ndugu zetu, hatari ya chama haianzi siku adui anapopiga mlango. Huanza siku mwanachama anapokatwa mshahara na chama chake kisiseme neno. Huanza viongozi wawili wa wilaya moja wanapokataa kukaa meza moja, na kila jambo gumu linapopelekwa kwa mawakili wakati wanachama wamekaa nyumbani wakingoja kuambiwa.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kila tawi likutane mwezi huu, hata kama watakuja watu saba. Kila katibu alichukue daftari lake, aende nyumba kwa nyumba, amuulize kila aliyeandikwa: "Ndugu, ungali nasi? Na kama hupo, tulikukosea nini?" Na viongozi waseme mapema, mbele ya wanachama, ni jambo gani likitokea chama hakitalivumilia, na siku hiyo kila mmoja atafanya kazi gani.

Wajerumani wale waliokesha usiku wa tarehe 20 Julai 1932 hawakukosa moyo. Walikosa mtu wa kuwaambia waende wapi. Tusije tukawakesheza watu wetu bure.