Raha ya Kiti na Usingizi wa Dereva

Msafiri aendaye nchi za ghaibu kutembea aghalabu huuliza, kabla ya kulipia tiketi ya basi la masafa marefu, kama nauli ni nafuu, kama kiti chalazika, na kama ndani mna hewa ya baridi. Lakini ni nadra kumsikia akiuliza kama mtu atakayeshika usukani usiku kucha amepata kulala mchana wake. Kwa maoni yangu swali hilo liachwalo ndilo listahililo kutangulia yote, maana raha ya abiria ni dhahiri machoni pake, ilhali salama yake imo katika mwili wa mtu asiyemjua.

Japani, nchi isifiwayo kwa utaratibu, iliyajua hayo kwa msiba. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2012, basi la nauli ya chini lililotoka Kanazawa usiku kwenda Tokyo liligonga ukuta wa kando ya barabara kuu ya Kan-Etsu, wakafa abiria 7, kwa kuwa dereva, aliyekuwa peke yake, alisinzia. Mwongozo wa serikali wa wakati ule uliruhusu dereva mmoja aendeshe hata kilomita 670 kwa siku, na umbali wa safari ile haukuvuka mpaka huo. Mwaka 2013 serikali ilipunguza mwendo wa usiku wa dereva mmoja hadi kilomita 400, isipokuwa kwa masharti maalumu, ikafuta pia desturi ya mawakala kuuza viti vya safari hizo huku dhamana ya basi ikibaki kwa kampuni nyingine. Walakini Januari 2016 basi la wanafunzi waendao kucheza thelujini lilipinduka karibu na Karuizawa, wakafa watu 15. Nalo lilikuwa na madereva wawili, ila lilikodiwa kwa bei iliyo chini ya kima cha sheria.

Katika Umoja wa Ulaya dereva hulazimika kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, wala haendeshi zaidi ya saa 9 kwa siku, ila mara mbili kwa juma aweza kufika saa 10. Na chombo kilichomo garini huandika kila saa yake. Abiria anung'unikaye basi lisimamapo kituoni hana budi kufahamu kuwa kituo hicho ni sehemu ya nauli aliyolipa.

Watasema wenye mabasi kwamba tahadhari hizi hupandisha nauli. Ni kweli, na ni haki zipandishe, kwa sababu nauli inayoshushwa kwa kumnyima dereva usingizi haikupungua hata kidogo, bali sehemu yake imehamishwa ikawekwa juu ya roho za watu bila ya idhini yao. Basi kila wakala auzaye safari ya usiku na alazimishwe kuandika juu ya tiketi idadi ya madereva na mahali wanapopokezana. Na msafiri asipoyaona hayo, na afunge safari mchana, au aache fedha yake mfukoni.