Ubingwa wa Besiboli Haupatikani Sokoni

Kila msimu wa besiboli unapomalizika Marekani, klabu 30 za Ligi Kuu huanza kugombea wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba yao, na imani ileile huibuka: atakayemwaga fedha nyingi zaidi ndiye bingwa wa mwaka unaofuata. Mashabiki wameimeza nzima, na wamiliki wasiotaka kufungua pochi huitumia kama ngao. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi wa kuipinga umekuwa ukijikusanya tangu soko lenyewe lilipofunguliwa.

Soko hilo lilizaliwa Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally hawafungwi tena na klabu zao. Kabla ya hapo, klabu iliweza kummiliki mchezaji maisha yake yote ya uwanjani. Makubaliano yaliyofuata yaliweka sharti ambalo ndilo kiini cha suala zima: mchezaji huwa huru baada ya kutumikia miaka 6 katika Ligi Kuu. Kijana anayeanza akiwa na miaka 23 au 24 huingia sokoni akikaribia 30. Katika misimu mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Miaka yake bora klabu iliyomlea huipata kwa bei ya chee. Anayemnunua sokoni hulipia sifa alizozichuma kwingine, kisha huutazama mwili ukianza kuchoka.

Albert Pujols ni mfano usiohitaji mkalimani. Alikaa St. Louis Cardinals misimu 11, akatajwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu na kutwaa World Series, fainali ya ubingwa, mwaka 2006 na 2011. Cardinals walikula mbivu. Desemba 2011, akiwa na miaka 31, Los Angeles Angels walimpa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 240. Mwaka uliofuata wakamwongeza Josh Hamilton kwa dola milioni 125, na mwishoni mwa 2019 Anthony Rendon kwa dola milioni 245. Hiyo ni dola milioni 610 kwa watu watatu, katika klabu iliyokuwa na Mike Trout, mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake. Muda wote huo Angels walifika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 2014, wakapoteza mechi zote tatu dhidi ya Kansas City Royals.

Washington Nationals wanasimulia kisa hichohicho kwa upande wa pili. Mwanzoni mwa 2019 nyota wao Bryce Harper aliondoka kwenda Philadelphia kwa dola milioni 330, na mwaka huohuo Nationals wakatwaa ubingwa wao wa kwanza. Walikuwa na mrushaji wa kununuliwa, Max Scherzer, na haki yake apewe; lakini ubavuni mwake walisimama Stephen Strasburg na Juan Soto, waliokuzwa na klabu yenyewe. Fainali ilipokwisha, Strasburg aliingia sokoni na klabu ikambakiza kwa dola milioni 245 za miaka 7. Akaumia, na chini ya mkataba huo akacheza mechi 8 tu.

Tena mchezo wenyewe hauruhusu mtu mmoja kuubeba. Katika soka kikosi kinaweza kumtafuta nyota wake kwa kila pasi. Katika besiboli wapigaji ni tisa, kila mmoja husubiri zamu yake, na aliye bora kuliko wote hupata zamu nne au tano kwa mechi, sawa na aliye dhaifu. Soto alisajiliwa na New York Mets Desemba 2024 kwa dola milioni 765, na mwaka 2025 akapiga mipira 43 ya kuvuka uzio. Alifanya kazi yake. Mets hawakuingia hata mtoano. Miaka miwili nyuma klabu hiyohiyo ilikuwa imeweka rekodi ya mishahara, ikashinda mechi 75, ikapoteza 87, na kabla msimu haujaisha ikawauza warushaji wake Scherzer, yuleyule wa Nationals, na Justin Verlander.

Fedha zinapofanikiwa, hununua tiketi ya mtoano. Baada ya hapo mechi 162 zilizoipambanua timu nzuri na mbovu hufuatwa na duru za mechi tatu, tano au saba, ambamo mrushaji mmoja mwenye siku njema huangusha mlima. Los Angeles Dodgers walishinda mechi 111 mwaka 2022 wakatolewa na San Diego Padres walioshinda 89. Mwaka 2023 walishinda 100, na Arizona yenye ushindi 84 ikawafagia mechi tatu kwa bila.

Watetezi wa imani hii hutaja New York Yankees wa 2009, waliotumia zaidi ya dola milioni 420 kwa wachezaji watatu na kutwaa kombe. Husahau kwamba nguzo za kikosi kile, Derek Jeter, Mariano Rivera na Jorge Posada, zilichongwa nyumbani, na kwamba tangu 2001 hadi 2008 matumizi makubwa ya klabu hiyo hayakuzaa taji hata moja. Texas Rangers wa 2023 ni hoja nzito zaidi, kwa kuwa Corey Seager na Marcus Semien walinunuliwa na wote wawili wakalipa. Hata hivyo usajili mwingine wa klabu hiyo, Jacob deGrom wa dola milioni 185, aliumia baada ya mechi 6, na ubingwa ukaja bila yeye.

Wanabaki Dodgers, mabingwa wa 2024 na 2025, ambao siku hizi hutajwa kana kwamba jina lao linamaliza mjadala. Itazamwe mechi ya saba ya fainali ya 2025 mjini Toronto. Awamu ya tisa, Dodgers wakiwa nyuma 4–3 na kubakiza wapigaji wawili kabla ya kuaga, aliyesawazisha ni Miguel Rojas, mkongwe wa miaka 36 aliyepatikana kwa kubadilishana na Miami. Awamu ya 11 aliyepiga mpira wa ushindi ni Will Smith, kijana waliyemchagua wenyewe mwaka 2016. Yoshinobu Yamamoto, mrushaji aliyeimalizia mechi hiyo siku moja baada ya kuanza ile ya sita, ni kweli alinunuliwa kwa dola milioni 325. Lakini alitoka Japani akiwa na miaka 25, nguvu zake zikiwa bado mbele. Tanner Scott, mrushaji aliyesajiliwa kwa dola milioni 72 ili amalizie mechi, hakurusha mpira hata mmoja katika mtoano. Kazi hiyo aliibeba Roki Sasaki, ambaye ada yake ya kusaini ilikuwa dola milioni 6.5. Dodgers ni matajiri, na utajiri huo huwawezesha kuumeza mkataba mbovu unaoweza kuizamisha klabu nyingine. Huo ni msaada mkubwa, ila haufanani na kununua kombe.

Imani hii ina wanaonufaika nayo. Mkataba wa kazi kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unaisha Desemba 1, 2026, na wapo wamiliki wanaotaka mishahara iwekewe ukomo, kwa madai kwamba bila ukomo matajiri watatwaa kila kitu. Besiboli haina ukomo huo, na baada ya Yankees wa 1998 hadi 2000 hakuna klabu iliyotetea ubingwa hadi Dodgers walipofanya hivyo mwaka 2025. Mpira wa kikapu wa Marekani una ukomo, na katika kipindi hichohicho Lakers, Heat na Warriors wote walitwaa mataji mfululizo.