Deni la masomo ya tabibu wa meno: tupime kabla ya kusaini

 

Ndugu Waislamu, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, familia zetu kuanzia Ngarenaro na Kaloleni hadi Usa River na Maji ya Chai huketi kujadili swali moja: kijana huyu asome nini, na ada itatoka wapi? Miongoni mwa fani zinazotajwa ni utabibu wa meno, ngazi ya stashahada ambayo husomwa kwa miaka mitatu na kijana mwenye ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Shahada ya udaktari wa meno ni miaka mitano, na juu yake upo mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo.

Haja ya fani hii katika mkoa wetu haina ubishi. Maji mengi yanayotoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi tunayoyatia katika maharage na makande nayo huongeza madini hayo. Mtoto anayeyapata kwa wingi katika miaka ambayo meno yake yanajengeka huota meno ya kahawia, na yakizidi sana hata mifupa hupinda. Ndiyo maana Serikali ikaweka kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto. Na dini yetu imelipa suala la kinywa uzito mkubwa, kwani Mtume (SAW) alihimiza mswaki kiasi cha kueleza kwamba lau si kuchelea kuutia umma wake mashakani, angeuamrisha katika kila swala.

Hata hivyo, haja ya jamii ni jambo moja na uwezo wa mhitimu kulipa deni ni jambo jingine. Hapa ndipo wazazi wengi tunapoteleza. Tunasikia neno "afya", tunadhani ajira ipo mlangoni. Ukweli ni kwamba nafasi zinazotangazwa na Serikali huombwa na wengi na kupatwa na wachache. Kujiajiri nako si rahisi kama kufungua duka la vitenge, kwani kliniki ya meno inataka usajili, kiti maalumu, mashine ya kutakasia vifaa na wataalamu wenye leseni. Kijana anaweza kukaa muda mrefu akijitolea au akifanya kazi kwa posho ndogo, ilhali deni halilali.

Uislamu haukukataza kukopa, bali umekataza kukopa kwa kughafilika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mtume (SAW) alikuwa akiomba kinga kwa Allah dhidi ya deni, na alipoletewa jeneza la mtu aliyekufa akidaiwa bila kuacha cha kulipia, hakuliswalia mpaka Abu Qatada (RA) alipojitolea kubeba deni lile.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Familia inakopa shilingi 6,000,000 kwa ajili ya masomo ya miaka mitatu. Ikiwa mkopo ni wa Bodi ya Mikopo, mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Akipata mshahara wa shilingi 700,000, makato ni 105,000 kwa mwezi, na deni litakwisha baada ya karibu miaka mitano. Hapo bado hatujagusa kodi, michango ya hifadhi ya jamii, pango na wazazi wanaosubiri msaada.

Ikiwa ni mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, usiolipwa hadi masomo yaishe, riba peke yake ni 3,240,000 hata bila kutozwa riba juu ya riba. Kijana ataanza maisha akidaiwa 9,240,000 kabla ya kushika mshahara wa kwanza. Riba ni vita tuliyokwishaonywa katika sura hiyo hiyo, na hata anayetazama dunia tu anaona hasara yake.

Wapo wanaosema mikopo yote ya Serikali ni haramu, hivyo bora mtoto akae nyumbani. Tunawaomba wasome kwanza. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwatia wengi shaka, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021. Aidha, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, za afya zikiwemo. Mzazi auchukue mkataba, ausome, ampelekee mwanachuoni anayeaminika, ndipo aamue.

Wapo pia wanaouza shamba lote la familia kwa ajili ya mtoto mmoja. Tukumbuke kisa cha Nu'man bin Bashir (RA), ambaye baba yake alitaka kumpa zawadi peke yake, Mtume (SAW) akakataa kuishuhudia na akaamuru uadilifu baina ya watoto. Dada zake na wadogo zake nao wana haki. Kama ni lazima kuuza, wote waketi, wakubaliane, na iandikwe kijana atarudisha nini.

Rai yetu ni hii: utabibu wa meno usomwe, na usomwe na vijana wetu wa kike na wa kiume. Lakini ianze ngazi ambayo familia inaweza kuibeba. Stashahada yenye deni dogo, kisha kujiendeleza ukiwa kazini, ni bora kuliko shahada inayoburuta riba. Chuo kihakikiwe kwanza kama kimesajiliwa, ada ya miaka yote ijumlishwe, na waulizwe waliohitimu miaka miwili au mitatu nyuma wako wapi na wanapata nini.

Nayo misikiti yetu isibaki kutoa pole. Wenye kuelemewa na madeni ni miongoni mwa makundi manane ya zaka yaliyotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Tuanzishe mifuko ya mkopo mwema usio na riba, wenye daftari na mashahidi, kijana arejeshe ili mwenzake naye asome.

Tunamuomba Allah (SW) awape watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na atukinge sote na uzito wa deni. Amin.