Mbwa wa ulinzi naye ana haki ya chanjo

Wapo Waislamu wengi wanaofuga mbwa kwa ajili ya ulinzi au kuchungia mifugo, na sheria imeliruhusu hilo. Linalosikitisha ni kuwa tukishamfungia bandani, basi. Akiugua tunasema ni najisi, asiguswe, na anaachwa afe juu ya uchafu wake. Ajabu, maana sote tumefundishwa habari ya mtu aliyesamehewa na Allah (s.w.) kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Parvo ilijulikana kwa mbwa mwaka 1978 na ikaenea duniani upesi. Huua zaidi watoto wa mbwa wa wiki 6 hadi miezi 6. Huacha kula, hutapika, kisha huharisha damu yenye harufu kali. Virusi huharibu utumbo pamoja na uboho wa mifupa, hivyo mwili hupoteza maji na kinga kwa wakati mmoja. Asiyetibiwa aghalabu hufa ndani ya siku 2 au 3, na hapo ndipo jirani husingiziwa kuwa kamtilia sumu! Dhana mbaya hiyo. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo mapema. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna, lakini dripu huokoa wengi.

Lipo jambo linalochanganywa. Kuosha chombo mara saba, mojawapo kwa udongo, ni twahara na hukumu yake iko pale pale. Lakini virusi vya parvo haviuawi na sabuni ya kawaida, na hukaa ardhini miezi mingi, hata mwaka. Zoeni kinyesi, osheni sakafu ya banda kwa sabuni, kisha mwagieni jiki, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, ikae dakika 10. Viatu navyo visafishwe, kwani hubeba virusi kutoka nyumba hadi nyumba. Binadamu haambukizwi parvo ya mbwa, ila kinyesi chake kina minyoo, kwa hiyo watoto wasikisogelee.

Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na tena baada ya mwaka. Ile ya kichaa cha mbwa haikingi parvo. Na aliyefiwa na mbwa kwa ugonjwa huu asilete mtoto mwingine katika banda lile lile kabla hajakamilisha chanjo.